Eugene Bullard: Rubani mweusi aliyeipigania Ufaransa, nchi yake ikamkataa

EUGENE Bullard anatajwa katika vitabu vya historia kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa rubani wa ndege za kivita. Hata hivyo, hakuwahi kurusha hata ndege moja kwa niaba ya Marekani, nchi aliyozaliwa.

Sare alizovaa vitani zilikuwa za Ufaransa. Nishani alizotunukiwa zilikuwa za Ufaransa. Alipoaga dunia mnamo 1961, alizikwa katika sehemu ya makaburi ya Flushing, jijini New York, iliyotengewa wapiganaji wa zamani wa Ufaransa.

Jeshi la Anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni mwaka wa 1994, miaka 33 baada ya kifo chake na miaka 77 baada ya jeshi la nchi hiyo kumfungia mlango.

Maisha yake ni ushahidi wa jinsi ubaguzi wa rangi ulivyoweza kumnyima mtu nafasi ambayo tayari alikuwa amethibitisha kwamba anaistahili. Aidha, yanadhihirisha kuwa nchi inaweza kumsahau shujaa wake huku nchi nyingine ikimkumbuka kwa heshima zote.

UTOTO WA HOFU

Bullard alizaliwa Oktoba 9, 1895 mjini Columbus, jimbo la Georgia, akiwa mtoto wa saba miongoni mwa watoto kumi. Mama yake alifariki mwaka wa 1902, Bullard akiwa na umri wa miaka sita tu.

Georgia ya wakati huo ilitawaliwa na sheria na desturi za kuwatenga watu weusi. Mtu mweusi aliyekosana na mzungu angeweza kuvamiwa na umati na kunyongwa mtini pasipo kufikishwa mahakamani, na waliotenda unyama huo hawakuadhibiwa.

Masaibu hayo yaliifikia familia ya Bullard mlangoni. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni, alisimulia jinsi kundi la wazungu lilivyoizingira nyumba yao usiku likimtaka baba yake, baada ya baba huyo kukorofishana na msimamizi wake kazini. Baba alinusurika, lakini mtoto hakuusahau usiku huo.

Ni baba huyo huyo aliyempa mwanawe ndoto iliyoyaelekeza maisha yake. Alimsimulia kuhusu Ufaransa, nchi ya mbali ambako, kwa maelezo yake, mtu mweusi alitendewa sawa na mtu mwingine yeyote.

Bullard alitoroka nyumbani akiwa na umri wa miaka 11 hivi, akiazimia kuifika nchi hiyo. Alizurura Georgia kwa miaka kadhaa, akaishi kwa muda na familia ya Wajipsi kutoka Uingereza waliofuga farasi, akajifunza kuwatunza na kuwapanda farasi wa mashindano.

Mnamo 1912, alifika katika bandari ya Norfolk, jimbo la Virginia, akazamia meli ya mizigo ya Wajerumani. Meli hiyo ilimshusha Aberdeen, Scotland. Alikuwa kijana wa miaka 16, hana pesa wala jamaa, ila alikuwa amevuka bahari ya Atlantiki.

NDONDI NA PARIS

Kutoka Aberdeen alielekea Glasgow, kisha Liverpool, akijitafutia riziki kwa vibarua vya kila aina. Katika ukumbi wa mazoezi alijifunza ndondi, akapata mlezi katika Aaron Lister Brown, bondia mashuhuri Mmarekani mweusi aliyefahamika kama Dixie Kid. Vilevile, alijiunga na kundi la wasanii weusi lililozunguka Ulaya likitumbuiza kwenye kumbi.

Ndondi ndizo zilizomfikisha Paris mwaka wa 1913. Huko aliingia mkahawani akaketi alipotaka, akapanga chumba alichoweza kukilipia, na hakuna aliyemwamuru apite mlango wa nyuma. Aliamua kubaki.

Haifai kudhani kwamba Ufaransa haikuwa na ubaguzi. Taifa hilo lilikuwa na makoloni makubwa barani Afrika, na mamilioni ya watu waliotawaliwa humo hawakuwa na haki za raia. Lakini kwa kijana aliyetoka Georgia, tofauti kati ya Columbus na Paris ilikuwa kama ile ya usiku na mchana.

VITA VYA MAHANDAKI

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, Bullard hakulazimika kupigana. Marekani haikuwa vitani, na yeye alikuwa mgeni. Hata hivyo, Oktoba 19, 1914, siku kumi baada ya kutimiza umri wa miaka 19, alijiandikisha katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa, kikosi maalumu kinachopokea wapiganaji kutoka mataifa mengine.

Mwaka wa 1915 alipigana katika medani za Artois na Champagne. Mapigano ya Champagne yaliyoanza Septemba mwaka huo yaliangamiza sehemu kubwa ya kikosi chake, na baadhi ya waliosalia wakahamishiwa katika vikosi vya kawaida vya Ufaransa.

Bullard alipelekwa katika kikosi cha 170 cha askari wa miguu, kilichosifika kwa ukali kiasi cha kupewa lakabu ya mbayuwayu wa mauti. Kutokana na lakabu hiyo, baadaye yeye mwenyewe aliitwa mbayuwayu mweusi wa mauti.

Mapema mwaka wa 1916, kikosi hicho kilipelekwa Verdun. Mapigano ya Verdun yalianza Februari 21 na kuendelea hadi Desemba mwaka huo. Inakadiriwa kuwa Wafaransa na Wajerumani wapatao 300,000 walipoteza maisha katika eneo dogo lililochimbuliwa na mizinga hadi misitu na vijiji vyake vikatoweka.

Bullard alijeruhiwa vibaya pajani Machi 5, 1916 na kupelekwa kutibiwa mjini Lyon. Serikali ya Ufaransa ilimtunuku Msalaba wa Vita kwa ujasiri wake. Madaktari nao waliamua kwamba mguu wake hautamruhusu kurudi kupigana kama askari wa miguu.

KUTOKA HANDAKINI HADI ANGANI

Kwa askari wengi, jeraha kama hilo lingekuwa mwisho wa vita. Bullard aliligeuza kuwa mwanzo mpya.

Alipokuwa akiuguza jeraha, aliwaambia marafiki zake kwamba angependa kuwa rubani. Mmoja wao, Mmarekani mzungu, alimwambia kuwa jambo hilo haliwezekani kwa mtu mweusi. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Bullard, waliwekeana dau la dola 2,000, kiasi kikubwa mno kwa wakati huo.

Mnamo Oktoba 1916 alipelekwa katika shule ya Cazaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, kufunzwa kulenga shabaha kwa bunduki ya rashasha akiwa ndani ya ndege. Hakuridhika na kazi hiyo. Aliomba kufunzwa urubani, akakubaliwa, akahamishiwa shule ya Tours.

Mei 5, 1917, alipata leseni ya urubani nambari 6950. Aliporejea Paris akiwa na sare za rubani, rafiki yake alilipa dau.

Urubani wa enzi hiyo haukuwa kazi ya wenye moyo mwepesi. Ndege zilijengwa kwa mbao na kufunikwa kitambaa. Rubani aliketi mahali pasipo na paa, akipigwa na baridi kali ya juu na kurushiwa mafuta ya injini usoni. Marubani wa Ufaransa hawakuwa na miavuli ya kujiokolea ndege iliposhika moto, na wengi waliangamia mazoezini kabla hata ya kumwona adui.

Agosti 1917, Bullard alitumwa katika kikosi cha ndege nambari 93, karibu na Verdun, pale pale alipokuwa amejeruhiwa mwaka uliotangulia. Mwezi uliofuata alihamishiwa kikosi nambari 85. Miongoni mwa ndege alizorusha ni SPAD VII, iliyobeba mtu mmoja, ikawa na bunduki moja ya rashasha iliyofyatua risasi katikati ya mapanga ya rafadha, na kwenda kasi ya takriban kilomita 190 kwa saa.

Inaelezwa kuwa ubavuni mwa ndege yake alichora moyo uliochomwa kisu, pamoja na maneno ya Kifaransa yenye maana kwamba damu yote imwagikayo ni nyekundu. Alizoea pia kuruka akiwa na tumbili wake, aliyempa jina Jimmy.

Alishiriki katika operesheni zaidi ya 20. Yeye mwenyewe alidai kuangusha ndege mbili za Wajerumani, lakini jeshi la Ufaransa halikuthibitisha madai hayo, kwa kuwa utaratibu wake ulihitaji mashahidi na mabaki ya ndege iliyoanguka. Kwa sababu hiyo, makala zinazompa hesabu ya ndege mbili kana kwamba ilithibitishwa zinapita kiasi.

MLANGO UNAFUNGWA

Marekani ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani Aprili 6, 1917. Haikuwa na marubani wengi wenye uzoefu wa vita, ilhali vijana wake zaidi ya 200 walikuwa tayari wamejiunga na jeshi la anga la Ufaransa. Kwa hivyo, marubani hao walialikwa kuhamia jeshi la nchi yao.

Bullard naye alituma maombi, akafika mbele ya madaktari wa jeshi la Marekani jijini Paris. Hakukuwa na shaka kuhusu uwezo wake. Alikuwa na leseni, alikuwa na nishani, na alikuwa amekwisha kuliona tanuri la Verdun.

Wenzake wazungu walihamishwa mmoja baada ya mwingine na kupewa vyeo vya uafisa. Bullard hakuitwa. Jeshi la Marekani halikuwa na nafasi kwa rubani mweusi, na halikuwa tayari kumpa mtu mweusi cheo ambacho kingewalazimu askari wazungu kumpigia saluti.

Masaibu hayakuishia hapo. Mnamo Novemba 1917, Bullard aliondolewa hata katika kikosi cha anga cha Ufaransa na kurudishwa katika kikosi cha 170, safari hii kufanya kazi nyuma ya medani. Sababu iliyotajwa ni ugomvi kati yake na afisa mmoja wa Kifaransa.

Wanahistoria kadhaa wanaamini kulikuwa na mkono mwingine nyuma ya uamuzi huo. Wanamtaja Edmund Gros, daktari Mmarekani aliyekuwa kiungo kati ya marubani wa Kimarekani na wakuu wa jeshi la Ufaransa, kuwa hakutaka kumwona mtu mweusi miongoni mwa marubani hao. Vyovyote iwavyo, safari za Bullard angani zilikoma baada ya miezi michache tu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa hali hiyo kwa urahisi. Katika vita hivyo hivyo, Waingereza waliwachukua Waafrika wengi mno wa eneo hili kuwa wapagazi wa kubeba risasi na vyakula, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa wakuu wa majeshi ya enzi hiyo, mabega ya mtu mweusi yalifaa kubebeshwa mzigo, si kupambwa kwa nyota za uafisa.

MUZIKI NA UJASUSI

Vita vilipomalizika, Bullard alibaki Paris. Muziki wa jazi ulikuwa umeingia jijini kwa kishindo, naye akajifunza kupiga ngoma na kujipatia kazi katika vilabu vya mtaa wa Montmartre.

Baadaye alikuwa meneja wa klabu ya Le Grand Duc. Mshairi Langston Hughes alifanya kazi jikoni humo mwaka wa 1924 kabla jina lake halijavuma, na mwimbaji Ada Smith, maarufu kama Bricktop, alianzia hapo safari yake ya umaarufu jijini Paris. Bullard alifahamiana na Josephine Baker na Louis Armstrong, akafungua baa yake mwenyewe iliyoitwa L'Escadrille, yaani kikosi cha ndege, pamoja na ukumbi wa mazoezi ya viungo.

Mnamo 1923 alimwoa Marcelle Straumann, Mfaransa. Ndoa hiyo ilivunjika katika miaka ya 1930, na Bullard akabaki kuwalea mabinti zao wawili.

Wajerumani walipoanza tena kunoa panga, Ufaransa ilimhitaji kwa mara nyingine. Bullard alizungumza Kijerumani, na wateja Wajerumani waliofika katika baa yake hawakudhani kwamba mtu mweusi aliyewahudumia aliyaelewa mazungumzo yao. Aliyoyasikia aliyafikisha kwa idara ya ujasusi ya Ufaransa.

Wajerumani walipoivamia Ufaransa mwaka wa 1940, Bullard alikuwa na umri wa miaka 44. Alijiunga na kikosi cha 51 cha askari wa miguu karibu na Orleans, akajeruhiwa uti wa mgongo mwezi wa Juni. Iwapo angetiwa mbaroni, huenda angepigwa risasi kama jasusi. Alitorokea Hispania, akafika Ureno, akapanda meli iliyomrudisha New York Julai 1940. Mabinti zake walimfuata baadaye.

KIPIGO CHA PEEKSKILL

Marekani aliyoirudia haikumfahamu. Jijini New York aliishi Harlem, akafanya kazi ya upakiaji bandarini, akauza manukato, akawa mkalimani, na hatimaye akawa mwendeshaji wa lifti katika majumba ya Rockefeller Center. Uti wa mgongo uliendelea kumsumbua.

Septemba 4, 1949, alikwenda karibu na mji wa Peekskill, jimbo la New York, kuhudhuria tamasha la Paul Robeson, mwimbaji na mtetezi wa haki za watu weusi. Umati wa wazungu waliompinga Robeson uliwavamia waliohudhuria.

Bullard aliangushwa chini na kupigwa na watu waliojumuisha maafisa wa polisi. Tukio hilo lilinaswa katika picha na filamu, na sura za waliompiga zilionekana. Pamoja na hayo, hakuna aliyeshtakiwa. Mtu aliyekuwa amejeruhiwa katika vita viwili akipigana upande mmoja na washirika wa Marekani alipigwa hadharani katika nchi yake mwenyewe, na sheria ikakaa kimya.

HESHIMA ZA MBALI

Ufaransa haikumsahau. Mnamo 1954 ilimwalika Paris, akawa mmoja wa watu watatu waliochaguliwa kuuwasha upya mwenge wa kaburi la Mwanajeshi Asiyejulikana chini ya lango la Arc de Triomphe.

Oktoba 1959 alitunukiwa hadhi ya mwanachama wa Legion d'honneur, nishani ya juu kabisa ya Ufaransa. Desemba mwaka huo alihojiwa katika kipindi cha Today cha televisheni ya NBC, akiwa amevaa sare zake za mwendeshaji wa lifti. Kipindi hicho kilitangazwa kutoka Rockefeller Center, na wengi waliopanda lifti yake kila siku walikuwa hawajui lolote kuhusu mtu aliyewabonyezea kitufe.

Mwaka wa 1960, Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa alipozuru New York, alimkumbatia Bullard hadharani.

Bullard aliaga dunia Oktoba 12, 1961 kutokana na saratani ya tumbo, siku tatu baada ya kutimiza umri wa miaka 66. Alizikwa kwa heshima za kijeshi na wapiganaji wa zamani wa Ufaransa.

JE, ALIKUWA WA KWANZA?

Wengi humwita Bullard rubani wa kwanza mweusi duniani. Kauli hiyo inahitaji kutazamwa kwa makini.

Ahmet Ali Celikten wa milki ya Uturuki, aliyekuwa na asili ya Afrika, na Domenico Mondelli, mzaliwa wa Eritrea aliyelelewa Italia, nao walirusha ndege katika kipindi hicho. William Robinson Clarke wa Jamaica alifuzu urubani katika jeshi la Uingereza mwaka ule ule wa 1917. Kwa hivyo, lililo salama kusema ni kwamba Bullard alikuwa miongoni mwa marubani wa kwanza weusi wa kijeshi duniani, na wa kwanza miongoni mwa Wamarekani weusi.

Hata sifa hiyo inatosha. Bessie Coleman, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata leseni ya urubani, naye alilazimika kwenda kuitafuta Ufaransa baada ya shule za Marekani kumkataa, akaipata mwaka wa 1921.

Jeshi la Marekani lilianza kuwafunza marubani weusi huko Tuskegee, Alabama, mwaka wa 1941, na watano wa kwanza wakafuzu Machi 1942. Walifunzwa peke yao, wakitengwa na wazungu. Amri ya Rais Harry Truman ya kukomesha ubaguzi jeshini ilitolewa mwaka wa 1948.

Kati ya leseni ya Bullard na marubani hao watano kuna muda wa karibu miaka 25. Kwa muda wote huo, wakuu wa jeshi la Marekani walishikilia kwamba watu weusi hawana akili wala ujasiri wa kumudu ndege za kivita. Ripoti ya chuo chao cha kivita ya mwaka wa 1925 ilitoa hoja kama hizo, ilhali mtu aliyezikanusha kwa matendo alikuwa hai, akipiga ngoma katika vilabu vya Paris.

Hapo ndipo uzito wa kisa hiki ulipo. Kumkataa Bullard hakukumdhulumu mtu mmoja tu. Kulifuta ushahidi ambao ungewafungulia njia vijana wa kizazi kizima.

Siku hizi sanamu yake imesimama katika Makumbusho ya Usafiri wa Anga mjini Warner Robins, jimbo lile lile la Georgia alilolitoroka akiwa mtoto. Ilizinduliwa Oktoba 2019. Mwaka wa 2022, jina lake liliingizwa katika orodha ya kitaifa ya magwiji wa urubani wa Marekani.